Tapeli Havunji Mlango, Anabisha Hodi

Leo nina neno, na neno lenyewe ni refu kidogo. Kama una chai, isogeze karibu.

Kuna kauli nimeisikia mara nyingi mno tangu niingie kwenye kazi hii ya uandishi. Naisikia kwenye daladala, naisikia chumba cha habari, naisikia hata kwa watu wenye shahada mbili ukutani: "Aliyetapeliwa kwenye simu ni mshamba tu. Mtu mwenye akili zake hawezi kuliwa hela kwa meseji." Watu wanacheka, kisha mazungumzo yanahamia kwa Simba na Yanga.

Mimi naipinga kauli hiyo, na mashahidi wangu nawatoa kwenye historia. Nilipoanza kusoma habari za wizi wa mtandaoni nilitarajia kukutana na mitambo na vijana wanaokesha mbele ya kompyuta. Hao wapo, sikatai. Lakini karibu kila nilipochimba nilimkuta binadamu aliyefungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, baada ya mtu kubisha hodi kwa adabu. Na wengi wa waliofungua hawakuwa washamba hata kidogo.

Haya, twende Ufaransa, miaka ya baada ya Mapinduzi ya 1789. Makabaila wengi wameikimbia nchi, na kila mtu anajua kwamba wengine wameficha mali zao kabla ya kuondoka. Katika gereza la Bicêtre, jirani na jiji la Paris, wapo wafungwa wanaoijua hali hiyo vizuri. Wanatafuta majina na anuani za watu wenye uwezo mikoani, kisha wanawaandikia barua. Mwandishi anajitambulisha kuwa ni mtumishi mwaminifu wa kabaila fulani. Anasema walipokuwa wanakimbia walilazimika kuficha sanduku la dhahabu na almasi, na sasa yeye yuko kifungoni. Anaomba fedha kidogo tu ili ajikwamue, sanduku lipatikane, na mfadhili apate fungu lake.

Habari hizi tunazipata kwa Eugène-François Vidocq, mhalifu wa zamani aliyekuja kuongoza upelelezi wa polisi jijini Paris, kisha katika miaka ya 1830 akaandika kitabu kuhusu wezi na mbinu zao. Wezi wenyewe waliziita "barua za Yerusalemu". Vidocq anadai kwamba katika kila barua 100 zilizotumwa, 20 zilijibiwa. Hebu fikiria, ishirini! Kwa bei ya wino na karatasi.

Baadaye barua hiyo ikabadili uraia. Wamarekani na Waingereza wakaanza kuandikiwa na "mfungwa wa Hispania", tajiri aliyefungwa kwa kuonewa, mwenye binti wa kutunzwa na fedha zilizofichwa mahali. Mwaka 1898 gazeti la New York Times liliandika kuhusu hila hiyo, na tayari wakati huo liliielezea kama utapeli wa zamani uliofufuka. Mwondoe mfungwa, mweke mjane wa jenerali wa Afrika Magharibi. Iondoe bahasha, weka barua pepe. Unapata ile barua iliyojaa kwenye masanduku ya watu duniani kote mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikapewa jina la 419 kutokana na kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachohusu udanganyifu.

Sasa msomaji wangu msomi unajiambia: sawa, ila mimi barua ya mjane ningeifuta papo hapo. Subiri kwanza nikutajie Banco Noroeste.

Hii ilikuwa benki ya Brazil, yenye makao yake São Paulo. Kati ya mwaka 1995 na 1998 mmoja wa wakurugenzi wake, Nelson Sakaguchi, alituma nje fedha za benki zilizohesabiwa kufikia takriban dola milioni 242, akiamini anawekeza kwenye ujenzi wa uwanja mpya wa ndege mjini Abuja. Uwanja huo haukuwepo. Mtu aliyekuwa anawasiliana naye, Emmanuel Nwude, alijifanya gavana wa Benki Kuu ya Nigeria. Nwude mwenyewe alishawahi kuwa mkurugenzi wa benki kubwa nchini mwake, hivyo lugha ya mabenki aliijua na karatasi zake zilifanana na karatasi za kweli. Mahakama ya Nigeria ilimtia hatiani mwaka 2005. Benki ilikuwa imeshakufa. Aliyebishiwa hodi hapo alikuwa mtu wa mahesabu kuliko mimi na wewe.

Turudi Ufaransa mara moja, maana kuna kisa kingine ninachokipenda sana. Kabla ya telegrafu ya umeme, Wafaransa walikuwa na telegrafu ya macho, iliyobuniwa na Claude Chappe. Ilikuwa minara juu ya vilima, na kila mnara ulikuwa na mikono ya mbao inayokunjwa kwa namna mbalimbali. Mtu wa mnara wa pili anatazama kwa darubini, anaiga, wa tatu anaiga, na ujumbe unakimbia kutoka Paris hadi mikoani kwa muda mfupi kuliko farasi yeyote. Ilikuwa mali ya serikali, na raia hawakuruhusiwa kuitumia.

Mwaka 1834 ndugu wawili wa mjini Bordeaux, François na Joseph Blanc, walikuwa wanafanya biashara ya hati za serikali. Bei ilipangwa Paris, na habari zake zilifika Bordeaux kwa gari la posta baada ya siku kadhaa. Atakayejua kabla ya wenzake angetajirika. Ndugu hawa hawakujenga minara yao wala hawakuupanda mnara wa mtu usiku. Walimhonga mfanyakazi wa telegrafu katika mji wa Tours. Yeye akawa anachomeka kosa dogo la makusudi ndani ya ujumbe halali wa serikali, kisha anafuatisha alama ya kusahihisha. Ujumbe ulipofika, kosa lilikuwa limeshafutwa. Ila njiani, jirani na Bordeaux, mtu wao alikuwa analitazama kosa lile na kujua bei imepanda au imeshuka.

Waliendelea hivyo kwa miaka miwili, hadi 1836. Walipofikishwa mahakamani, ikaonekana hapakuwa na sheria iliyokataza walichokifanya kwenye telegrafu. Sheria ikatungwa mwaka 1837, ng'ombe wakiwa wameshatoka zizini.

Nakikumbusha kisa hiki kwa sababu kilijirudia karibu neno kwa neno miaka 160 na ushee baadaye, safari hii mjini Manila. Tarehe 4 Mei 2000 watu duniani walianza kupokea barua pepe yenye kichwa cha habari "ILOVEYOU". Barua ilitoka kwa mtu unayemfahamu, bosi, mwenzako wa ofisini au rafiki wa chuoni, ikikuomba ufungue barua ya mapenzi iliyoambatanishwa. Kiambatanisho kilionekana kama maandishi ya kawaida, kwa sababu Windows ya wakati ule ilikuwa inaficha herufi za mwisho za jina la faili, zile ambazo zingekuonyesha kwamba hiyo ni programu. Ukibofya, programu inaharibu picha zako na mafaili mengine, kisha inajituma yenyewe kwa kila mtu aliyeko kwenye kitabu chako cha anuani. Ndani ya siku chache kompyuta mamilioni kwa mamilioni ziliambukizwa. Bunge la Uingereza lilizima barua pepe zake. Wizara ya Ulinzi ya Marekani nayo haikupona.

Nani asingependa kujua kama kuna mtu anampenda? Kirusi kile kiliandikwa na kijana wa chuo cha kompyuta, Onel de Guzman, na lengo lake la awali lilikuwa dogo, kuiba maneno ya siri ya watu ili apate intaneti bila kulipia. Polisi wa Ufilipino walimfikia, lakini nchi haikuwa na sheria ya kumshitaki nayo. Sheria ilitiwa saini mwezi Juni 2000, na sheria haiendi kinyumenyume. Agosti mashitaka yakafutwa. Miaka 20 baadaye, mwaka 2020, ilichapishwa habari ya mwandishi wa Uingereza aliyemkuta kwenye kibanda cha kutengeneza simu mjini Manila, ambako alikiri kuwa kazi ile ilikuwa yake.

Na msidhani hodi zinabishwa kwa watu binafsi tu. Mapema mwaka 2015 wafanyakazi wa Benki Kuu ya Bangladesh walipokea barua pepe za mtu mwenye heshima zake anayetafuta kazi, akiomba waangalie wasifu wake. Kuna waliobofya. Wezi wakaingia, wakatulia humo kwa mwaka mzima wakisoma namna ofisi inavyofanya kazi. Usiku wa Alhamisi tarehe 4 Februari 2016 wakaanza kutuma maagizo ya kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka akaunti ya benki hiyo iliyoko New York.

Kwa nini Alhamisi? Dhaka hupumzika Ijumaa na Jumamosi. New York hupumzika Jumamosi na Jumapili. Na Manila, zilikokuwa zinakwenda fedha, Jumatatu ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Sehemu kubwa ya maagizo yalizuiwa, lakini dola milioni 81 zilifika Manila. Nyingine milioni 20 zilizokuwa zinaelekea Sri Lanka zilirudishwa kwa sababu jina la mpokeaji lilikuwa limekosewa herufi, na mtu mmoja wa benki ya njiani akasita, akauliza. Mtu mmoja kusita kwa dakika chache kuliokoa dola milioni 20. Hilo liwekeni akilini, nitalirudia.

Sasa turudi nyumbani. Fedha za simu zilianza Kenya mwezi Machi 2007 kwa M-Pesa, na mwaka 2008 zikafika Tanzania. Ghafla kila mwenye simu ya tochi akawa na benki mfukoni, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia yetu. Matapeli nao waliona. Ikazaliwa ile meseji maarufu: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Wengi wanaicheka, lakini hebu itazame kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Haina jina, haina kiasi, haina sababu. Inatumwa kwa watu maelfu, na miongoni mwao lazima awepo anayedaiwa kodi leo, au aliyeahidi kumtumia mdogo wake nauli. Huyo ndiye anayeandikiwa, ingawa mwandishi hamjui. Ni hesabu ileile ya Vidocq, ila siku hizi tapeli hahitaji 20 kwa 100. Mmoja kwa 1,000 anamtosha.

Serikali nayo ilikuja na dawa zake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa na Bunge mwaka 2015 na kuanza kutumika Septemba mwaka huohuo. Sisi waandishi tuliipokea kwa mashaka, hasa kile kifungu cha taarifa za uongo, na kweli haikuchukua muda watu wakafikishwa mahakamani kwa maneno waliyoandika kuhusu viongozi. Mwaka 2019 ukaanza usajili wa laini kwa alama za vidole, na tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Matapeli wakahamia kwenye laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wengine, watu walioambiwa "weka tena, cha kwanza hakijasoma". Mwaka 2022 tukapata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ni nzuri kuwa nazo. Ila kama mlivyoona kwa ndugu Blanc na kwa kijana wa Manila, sheria hutembea nyuma ya mwizi. Kuna mahali ambapo haifiki kabisa, nako ni kwenye zile dakika tatu unazoongea na simu.

Hapo ndipo alipopotelea mama mmoja niliyekutana naye Mbagala nikiwa nafuatilia habari nyingine. Alikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama. Alipigiwa na kijana mwenye sauti ya ofisini, akamwita kwa majina yake yote matatu, akamwambia kuna fedha zimeingia kwake kimakosa na akaunti yake inakaribia kufungwa. "Mama, usikate simu, tuzuie pamoja." Akaongozwa bonyeza hiki, bonyeza hiki, ingiza namba ya siri. Shilingi 780,000 za kikundi zikaondoka, zikiwa zimebaki wiki chache kikoba kivunjwe.

Hakumwambia mtu. Aliuza cherehani yake, akakopa kwa kaka yake kwa kisingizio cha ugonjwa, akajaza pengo. Aliniambia alichoogopa zaidi si kudaiwa, aliogopa kuchekwa. Ukimya wake ulidumu wiki tatu. Ndani ya wiki hizo tatu wanachama wengine wawili wa kikundi kilekile walipigiwa simu kwa maneno yaleyale, na mmoja akaliwa. Angesema siku ya kwanza, yule wa pili angeijua ile sauti.

Ndiyo maana kile kicheko cha daladalani kinanikera, wadau. Tukimcheka aliyeibiwa tunamfundisha anayefuata kunyamaza, na huko kunyamaza ndiko kunampa tapeli nafasi ya kwenda mlango wa pili.

Basi historia hii inatufundisha kujilinda vipi? Mimi naona matapeli wote hawa, wa Bicêtre hadi Mbagala, wanagusa moyo kwanza: tamaa, huruma, upendo, au hofu. Kisha mara nyingi wanakuharakisha, na wanakutaka ubaki nao peke yako, usiulize mtu. Marehemu Kevin Mitnick, mdukuzi maarufu wa Marekani aliyekamatwa mwaka 1995, alipohojiwa mbele ya Seneti mwaka 2000 alieleza kwamba kuwauliza watu kwa simu kulimfanikisha kiasi kwamba ilikuwa nadra kulazimika kuushambulia mtambo wenyewe. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni ile ya mtu wa benki ya njiani: sita. Kata simu. Kisha wewe mwenyewe, kwa namba unayoijua tangu zamani, mpigie huyo mwenye nyumba, huyo bosi, au huduma kwa wateja. Mwenye shida ya kweli hatakasirika ukimpigia.

Namba ya siri usiitaje kwa mtu, na usiiingize ukiwa unaongozwa na sauti ya mtu usiyemjua. Zile tarakimu sita zinazokuja kwa meseji unapofungua WhatsApp ni ufunguo. Rafiki anayekuomba umtumie "kimakosa zimekuja kwako" pengine si rafiki, ameshaibiwa akaunti yake. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe na WhatsApp, kazi ya dakika mbili. Usitumie neno moja la siri kila mahali. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa maneno ya siri milioni 32, na lililoongoza kwa kutumiwa na watu wengi lilikuwa 123456. Aliyekuwa analitumia hilohilo kwenye barua pepe yake, maskini, alifungua milango yote kwa siku moja.

Mtu akikwambia amekutumia hela kimakosa na anataka uirudishe, angalia salio lako kwanza, si meseji yake, kisha mwache akamalizane na kampuni yake ya simu. Kwa hapa Tanzania piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na meseji za kitapeli ziripoti kwenda 15040. Na kwa kuwa siku hizi akili bandia inaweza kuiga sauti ya mtu, kaeni nyumbani mkubaliane neno moja la familia, ili siku "mwanao" akipiga usiku analia yuko hospitali anahitaji laki tano, muulize neno.

La mwisho ndilo kubwa kwangu. Ukiibiwa, sema. Sema kwa kampuni ya simu mara moja, maana dakika za mwanzo ndizo zinazoweza kuokoa fedha. Sema polisi. Sema kwenye kikundi, kwenye familia, ofisini. Na ukimsikia mwenzako amesema, meza kicheko chako, umuulize alipigiwa na namba gani na aliambiwa nini. Kisha hayo maneno uyapeleke kwa mama yako leo jioni, kabla hajapigiwa yeye.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.